Sauti Juu ya Picha: Watangazaji wa Mpira na Mkwaju wa Mwepu Ilunga

Muhula uliopita mwalimu wetu wa tafsiri alituonyesha video fupi. Aliizima sauti, kisha akataka kila mmoja wetu asimame mbele aitangaze kwa Kiswahili kama mtangazaji wa mpira. Video yenyewe haifiki hata dakika moja. Ni mechi ya Kombe la Dunia iliyochezwa tarehe 22 Juni 1974 mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi. Brazil wamepata mpira wa adhabu karibu na lango la Zaire. Wazaire wamejipanga ukuta. Refa, Nicolae Rainea wa Romania, anapuliza firimbi, na hapo mchezaji mmoja anachomoka ukutani mbio, anaupiga mpira kwa nguvu zake zote na kuupeleka mbali, kabla Mbrazili yeyote hajaugusa. Wabrazili wanatazamana. Refa anatoa kadi ya njano. Basi.

Tulikuwa wanafunzi tisa. Saba kati yetu tulisema, kila mmoja kwa maneno yake, kwamba mchezaji yule hajui sheria. Mimi ni mmoja wa hao saba. Nakumbuka nilisema, "Masikini, kijana huyu nani amemfundisha mpira?" na wenzangu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Mwalimu hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Mmejuaje kwamba hajui?"

Hakuna aliyejibu. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya wengine kwa sababu mimi nimezaliwa Lubumbashi, na yule aliyeupiga mpira ni Mwepu Ilunga, beki wa TP Englebert, klabu ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Nilikuwa nimemcheka mtu wa kwetu kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda na yeye aliisikia kila siku mitaani. Na nilipofikiri zaidi niligundua kwamba maneno yale sikuyatunga mimi. Nilikuwa nimeyasikia mahali, mara nyingi, tangu utotoni. Katika insha hii nataka kufuatilia maneno yale yalitoka wapi, na kwa nini mtangazaji wa mpira anaweza kuwa mwandishi wa historia bila kutaka.

Nianze na redio, kwa kuwa kazi hii ilianzia huko. Tarehe 22 Januari 1927 BBC ilitangaza kwa mara ya kwanza mechi ya ligi ya kandanda ikiendelea kuchezwa: Arsenal na Sheffield United, katika uwanja wa Highbury, London. Mtangazaji aliitwa Teddy Wakelam. Wiki moja kabla yake alikuwa ametangaza mechi ya raga. Watu wa redio walikuwa na hofu kwamba msikilizaji hataelewa kinachoendelea kwa kuwa haoni, kwa hiyo gazeti la vipindi la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja uliogawanywa katika viboksi vyenye namba. Wakati Wakelam akieleza mchezo, mwenzake pembeni alikuwa akitaja namba ya kiboksi ambamo mpira umefika. Msikilizaji alikaa nyumbani na ramani mapajani, kidole kikiufuata mpira. Mechi iliisha 1-1.

Ninaipenda sana ramani ile. Inaonyesha kwamba mtangazaji wa kwanza alijua deni lake: mpira uko wapi, nani anao, unaelekea wapi. Maoni yake juu ya akili za mchezaji hayakuwa na kiboksi.

Afrika Mashariki nayo ilipata watangazaji wa namna hiyo, tena kwa Kiswahili. Wazee wa Kenya wanamtaja Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya, yule yule ambaye waasi walimlazimisha kusoma tangazo la mapinduzi tarehe 1 Agosti 1982. Watanzania wanamtaja Charles Hilary, aliyetangaza mpira katika Radio Tanzania Dar es Salaam kabla ya kwenda kwenye idhaa za Ujerumani na Uingereza na baadaye kurudi Azam TV. Tusisahau kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Maana yake ni hii: mwaka 1979, Taifa Stars walipokwenda Ndola, Zambia, na Peter Tino akafunga goli lililowapeleka fainali za Mataifa ya Afrika za Lagos mwaka 1980, taifa zima lililiona goli hilo kwa masikio. Watanzania walisubiri mpaka 2019 kurudi kwenye mashindano hayo, na kwa miaka yote ile karibu arobaini goli la Ndola liliishi kama sauti. Kama mtangazaji siku ile angekosea jina la mfungaji, nani angemsahihisha?

Ndola si mbali na Lubumbashi. Kutoka kwetu mtu anavuka mpaka wa Kasumbalesa na kabla ya jua kuzama amefika. Babu yangu, ambaye kwa Kiswahili cha Lubumbashi tunamwita kambo, alifanya biashara ya chumvi na samaki wakavu upande ule, na ndiye aliyenifundisha kwamba redio nzuri ya mpira haihitaji macho. Anasema walikuwa wakijua mtangazaji ni mzuri pale ambapo kipofu na mwenye macho walirudi nyumbani na habari moja.

Sasa televisheni. Hapa ndipo kazi ilipobadilika, na sidhani kwamba watu wengi walitambua mara moja. Mtazamaji anaona mwenyewe mpira ulipo. Hana haja ya kuambiwa kwamba winga amefika kwenye kibendera cha kona. Basi mtangazaji aseme nini kwa dakika tisini? Watangazaji wazuri walijifunza kunyamaza. Wengine walijaza nafasi ile kwa hukumu: huyu mvivu, huyu ana akili, hawa hawana nidhamu. Mwaka 1970, wakati wa Kombe la Dunia la Mexico, kituo cha ITV cha Uingereza kiliwaketisha studio wachezaji na makocha kadhaa, Malcolm Allison na Derek Dougan wakiwemo, wabishane juu ya mechi. Watazamaji waliwapenda mno. Huo ndio mwanzo wa uchambuzi wa studio kama tunavyoujua leo, na tangu hapo mtu akalipwa mshahara kwa ajili ya maoni yake. Silaumu jambo hilo. Mchezaji wa zamani huona mambo ambayo mimi sioni. Ninasema tu kwamba maelezo na hukumu, ambavyo redio ilivitenganisha kwa lazima, sasa vilikaa katika kiti kimoja.

Miaka minne baadaye Zaire ilifika Ujerumani.

Ilikuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza fainali za Kombe la Dunia. Haikuja kwa bahati. Mwezi Machi mwaka huo huo Chui walikuwa wametwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Cairo. Fainali dhidi ya Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0, na magoli yote manne ya Zaire yalifungwa na Mulamba Ndaye. Katika mashindano yale alifunga magoli tisa. Klabu ya Englebert ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Hawa hawakuwa watu waliookotwa barabarani.

Lakini Ujerumani mambo yaliharibika. Walifungwa 2-0 na Scotland, na wachezaji wakaeleza baadaye kwamba kabla ya mechi ya pili waligundua posho waliyoahidiwa haipo, imeishia kwa wakubwa waliosafiri nao. Wengine walitaka kugoma. Walicheza, na tarehe 18 Juni Yugoslavia ikawafunga 9-0. Kocha wao, Blagoje Vidinić, mwenyewe Myugoslavia, alimtoa kipa Kazadi baada ya goli la tatu. Katika mechi ile ile refa alimtoa kwa kadi nyekundu Mulamba Ndaye kwa kosa ambalo hakulifanya. Aliyemkwatua refa kwa hasira, kama alivyokuja kukiri mwenyewe, ni Mwepu. Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyekuwa hatua chache kutoka kwao, mwenye firimbi na kadi, hakuweza kuwatofautisha Wazaire wawili. Je, mtangazaji aliyekaa juu jukwaani na orodha ya majina yaliyokuwa yamebadilishwa juzi tu kwa sera ya Mobutu ya uhalisi, aliwajua vizuri zaidi?

Mechi ya tatu ni dhidi ya Brazil. Mwepu alieleza katika mahojiano ya miaka ya baadaye kwamba baada ya kipigo cha Yugoslavia watu wa usalama wa rais walikuja hotelini, wakafukuza waandishi wa habari, wakawaambia wachezaji kwamba wakifungwa na Brazil magoli manne hakuna atakayerudi nyumbani. Brazil nao walihitaji ushindi wa tofauti ya magoli matatu ili waipite Scotland. Mechi iliisha 3-0. Mwishoni mwa mechi hiyo ndipo unapokuja ule mpira wa adhabu.

Hukumu iliyonukuliwa mara nyingi zaidi baadaye ni ya mtangazaji wa Kiingereza aliyekiita kitendo kile ujinga wa Kiafrika. Wala hakusema ujinga wa beki mmoja. Kwa neno moja la sifa, bara zima liliingizwa ndani ya mguu wa mtu mmoja. Na kwa kuwa picha ilihifadhiwa pamoja na sauti hizo, kila iliporudiwa katika vipindi vya vichekesho vya Kombe la Dunia, hukumu ilirudiwa nayo. Miaka hamsini! Ndiyo maana mimi, kijana wa Lubumbashi, nilikuwa nayo kinywani tayari kabla sijaambiwa nifungue mdomo.

Mwepu mwenyewe alitoa maelezo zaidi ya moja. Alisema alijua sheria vizuri na alifanya makusudi kwa hasira: kwa nini aendelee kuumia uwanjani wakati wanaokula fedha wamekaa jukwaani? Mara nyingine alizungumzia hofu ya goli la nne na haja ya kupoteza muda. Mwanafunzi wa historia lazima aseme kwamba maelezo haya mawili hayafanani kabisa, na kwamba mtu anapohojiwa miaka ishirini au thelathini baada ya tukio, kumbukumbu yake nayo imekwisha kupita mikononi mwa wengi. Mimi naona yanaweza kuwa kweli yote mawili, kwa sababu mtu anaweza kuwa na hofu na hasira kwa wakati mmoja. Ninachokataa ni maelezo ya tatu. Beki aliyekuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika miezi mitatu kabla yake amesimama kwenye ukuta mara ngapi maishani? Hatuwezi kusema hakujua mpira wa adhabu unapigwa na nani.

Nilimpelekea kambo video hiyo kwenye simu. Mwaka 1974 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, akiishi Katuba, na mechi aliisikia redioni. Aliitazama mara mbili bila kusema kitu. Nilipomwambia wanachosema watu alinijibu kwa kifupi, kwa Kiswahili chetu: "Alijua. Bote balijua." Kisha akaniambia jambo ambalo sijalikuta katika kitabu chochote: kwamba baada ya mechi hawakuzungumza habari ya Mwepu hata kidogo. Walizungumza kama timu itarudi. Hilo tu. Kwake yeye tukio lenyewe halikuwa tukio mpaka sauti za nje zilipolifanya tukio.

Sitaki ionekane kwamba nawashutumu Wazungu huku mimi nina mikono safi. Mwaka wa pili wa masomo yangu nilipewa kipaza sauti katika mashindano ya vitivo. Nilijiona Charles Hilary. Kipa wa kitivo kimoja aliachia mpira mwepesi ukamponyoka ukaingia wavuni, nami nikapiga kelele kwamba amelala, apelekewe mto na shuka. Uwanja ulicheka. Dakika chache baadaye mpira mwingine ukamponyoka, nikasema tena. Baada ya mechi nilimkuta amekaa chini ya mwembe, kidole cha mkono wa kulia kimeteguka na kuvimba kama ndizi. Kiliteguka dakika za mwanzo. Timu haikuwa na kipa wa akiba. Hakunitukana. Alisema, "Kaka, ulikuwa karibu na lango kuliko kocha wangu, ungeweza kuniangalia mkono." Mpaka leo tukikutana mkahawani namsalimu kwa heshima ya mkwe.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo hili ni la rangi peke yake, ingawa rangi imo. Mwaka 2020 watafiti wa RunRepeat, wakishirikiana na chama cha wachezaji wa kulipwa cha Uingereza, walisikiliza mechi 80 za ligi nne kubwa za Ulaya na kuhesabu sifa ambazo watangazaji huwapa wachezaji. Waliona kwamba wachezaji weupe walisifiwa zaidi kwa akili na bidii, na weusi walisifiwa zaidi kwa nguvu na mbio. Hakuna tusi hata moja katika sifa hizo. Mtangazaji angeshangaa kuambiwa amekosea, kwa kuwa alikuwa akisifu. Lakini ukizikusanya sifa elfu mbili unaona ukuta wenye mpangilio ule ule wa mwaka 1974: wengine wanafikiri, wengine wanakimbia.

Ngoja nitaje na mwaka 2010, kwa kuwa Lubumbashi haiwezi kutajwa bila mwaka huo. Tarehe 14 Desemba TP Mazembe waliifunga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi wakafika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika hapo. Kipa Muteba Kidiaba alishangilia kwa namna yake, akirukaruka kwa makalio kuvuka eneo la hatari. Nilikuwa mtoto. Nakumbuka shangwe ya mtaa, lakini ninapotafuta video za siku ile leo ninazokutana nazo kwanza ni za makalio ya Kidiaba, na sauti juu yake ni za vicheko. Mipira aliyoiokoa usiku ule inabidi uitafute kwa tochi. Waliifunga Brazil, kwa maana ya klabu yake, miaka thelathini na sita baada ya Gelsenkirchen, na bado kilichobaki ni kichekesho. Fainali walifungwa na Inter Milan 3-0, hilo pia nalisema.

Je, watangazaji wetu wa Kiswahili wa leo wakoje? Nasikiliza wengi, kwa sababu kwetu mashariki na kusini ya Kongo ligi ya Tanzania ina wapenzi, hasa tangu wachezaji wa Kongo walipoanza kwenda Simba na Yanga. Lugha yao inanipa raha. Fiston Mayele, aliyetoka AS Vita Club, alipokuwa akifunga na kutikisa mwili Yanga, watangazaji walilidaka neno kutetema na kulizungusha kwa namna mia, na mwaka 2023 Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, mtu angeweza kutangaza goli kwa kitenzi hicho peke yake. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Chenga, tobo, kanzu, mkwaju, kumiminina, nyavu kutikisika: nimejifunza msamiati mwingi kwa masikio kuliko kwa kamusi, na wahadhiri wangu watanisamehe.

Lakini wapo wanaopiga kelele dakika tisini bila kutaja mpira uko wapi, hata redioni, mahali ambapo hilo ndilo deni la kwanza. Matangazo ya biashara na ubashiri huingia katikati ya shambulizi. Mchambuzi anasema mchezaji "hajitumi" na hakuna anayemuuliza amejuaje. Na sisi wasikilizaji tunampenda anayechekesha kuliko anayeona, kama uwanja ulivyonipenda mimi siku ile ya kipa. Nimewahi kusikia Mkongo akielezwa na mtangazaji wa Kiswahili kuwa ana "nguvu za Kikongo". Nguvu za Kikongo ni zipi? Sisi wenyewe hatujawahi kuziona.

Mwisho wa muhula nilimwomba mwalimu ruhusa ya kurudia zoezi. Alikubali, akazima tena sauti. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili, nikaziacha kwenye dawati kwa sababu video ni fupi mno. Nilisema: "Mpira wa adhabu kwa Brazil, nje kidogo ya eneo la hatari, upande wa Zaire. Ukuta umesimama. Firimbi. Mwepu anatoka, Mwepu Ilunga, anaupiga yeye! Ameupeleka mbali kabisa. Refa anamfuata, kadi ya njano. Brazil watapiga upya. Sijui kwa nini amefanya vile, tutamuuliza."

Mwalimu aliandika alama kwenye daftari lake, akamwita anayefuata.